Utulivu Hauletwi kwa Kamba Wala kwa Kiboko

Mvua ya masika inyeshapo juu ya paa la bati, mwalimu wa shule ya msingi huweka chaki mezani na kungoja, kwa kuwa hakuna awezaye kumsikia. Wanafunzi, wawe sitini au themanini, hujipumzisha: wengine hucheka, wengine huchungulia dirishani, na baada ya robo saa somo huendelea. Lakini katika darasa hilo hilo yumkini yupo mtoto aliyejikunja chini ya dawati, ameziba masikio kwa viganja, anajigonga kichwa ukutani na kulia kwa sauti ambayo mvua imeifunika. Mvua inapokatika kilio chake husikika peke yake, na hapo ndipo mwalimu asiyeelewa huuliza ni nani huyo mtovu wa adabu.

Jibu la swali hilo ndilo linaloamua maisha ya mtoto. Akihesabiwa kuwa mtovu wa adabu, huchapwa. Asipokoma, hurudishwa nyumbani. Na huko nyumbani, wazazi wanapokwenda shambani au kazini, si ajabu akafungiwa chumbani au akafungwa kamba mguuni asije akapotea. Akitambuliwa kuwa ni mtoto mwenye usonji aliyelemewa na kishindo cha mvua, hufunguka njia nyingine kabisa, tena njia isiyohitaji fedha nyingi.

Usonji hauambukizi, wala si laana, wala hautokani na malezi mabaya. Ni namna ambayo ubongo wa mtu hukua tangu utotoni, ikaathiri jinsi anavyowasiliana na wenzake na jinsi anavyopokea yale yaletwayo na milango ya fahamu: sauti, mwanga, harufu, ladha na mguso. Makala iliyoutambulisha usonji kwa madaktari wengi iliandikwa mwaka 1943 na Leo Kanner, daktari wa magonjwa ya akili ya watoto mjini Baltimore, Marekani, akieleza habari za watoto 11. Baada ya hapo wazazi wa huko waliteseka miaka mingi, maana baadhi ya wataalamu, na hasa Bruno Bettelheim katika kitabu chake cha 1967, waliwatupia lawama akina mama kwamba ubaridi wao ndio uliowafanya watoto wajifungie nafsini mwao. Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa mwenyewe na mtoto mwenye usonji, alikuwa amekwisha kuipinga hoja hiyo kwa kitabu tangu 1964, na leo hakuna mtaalamu wa maana anayeishikilia. Yafaa jambo hilo likumbukwe na kila mtu anayedhani kwamba kumlaumu mama ni ujinga wa vijijini tu. Jirani asemaye kwamba mtoto amelogwa kwa sababu ya mama yake, na profesa aliyeandika kwamba mtoto ameharibiwa na mama yake, wamekosea kosa moja.

Wako pia wasemao kwamba usonji ni maradhi ya Wazungu. Mtafiti Victor Lotter alizitembelea nchi sita za Afrika, Kenya ikiwamo, na katika ripoti yake ya 1978 alieleza kwamba aliwakuta watoto wenye usonji. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa kipimo hicho, shule yenye wanafunzi elfu moja ingetazamiwa kuwa na watoto saba au wanane. Kama hawamo katika daftari la mahudhurio, basi wako mahali fulani kijijini, na mwenyekiti wa kitongoji aweza kuambiwa ni wapi.

Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtu asiye na usonji huketi ofisini huku feni ikinguruma, taa ikimetameta, harufu ya samaki wa mama lishe ikiingia dirishani na redio ya jirani ikitangaza mpira, na asijue kwamba ubongo wake unafanya kazi kubwa ya kuyasukuma hayo yote kando. Kwa wengi wenye usonji kazi hiyo haifanyiki sawasawa. Kila sauti huingia kwa nguvu yake yote. Watu wazima wenye usonji waliojieleza kwa maandishi wamesema kwamba kengele huwauma kama jino bovu, na kwamba mshono wa nguo huwakwaruza kama msasa. Wapo pia ambao hali yao ni kinyume cha hiyo, wasiohisi baridi wala maumivu kama wenzao, wanaotafuta mguso na kishindo kwa kujizungusha, kurukaruka au kujigonga. Mara nyingi mtu mmoja huwa na yote mawili.

Sasa na itazamwe siku ya mtoto wa namna hiyo shuleni. Alfajiri kuna mchakamchaka, miguu mia tano ikikanyaga kwa pamoja na nyimbo zikipaazwa. Kisha hupigwa kengele, ambayo katika shule nyingi ni rimu ya gari iliyotundikwa mwembeni na kugongwa kwa nondo. Mstarini husukumwa huku na huku na wenzake. Sare ni mpya, ngumu kwa wanga wa dukani, na kola inamkata shingo. Anapoanza kuuzoea utaratibu wa hisabati saa mbili na nusu, mwalimu wa hisabati ameitwa kwenye semina wilayani na badala yake watoto wanatolewa nje kufyeka nyasi. Kwa wenzake hiyo ni sherehe. Kwake ulimwengu umepinduka bila taarifa. Akifikia saa nne bila kulia, amefanya kazi kubwa kuliko mtoto yeyote katika shule hiyo, wala hakuna aliyeiona.

Kulemewa kunapofika, mtoto hana tena uwezo wa kujizuia. Hapo ndipo kiboko huwa kosa la maarifa kabla hata ya kuwa kosa la huruma. Adhabu hutazamia kwamba mkosaji alichagua kukosa na kwamba safari ijayo atachagua vingine, aliyelemewa hakuchagua. Kumpiga ni kumwongezea maumivu na kelele mtu ambaye tatizo lake lilikuwa maumivu na kelele. Na wale wanaojitetea kwa methali ya samaki mkunje angali mbichi wamesahau kwamba kukunja si kuvunja. Zaidi ya hayo, kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 zinataka adhabu hiyo itolewe kwa makosa makubwa tu, isizidi viboko vinne, na itolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi. Kulia kwa hofu ya mvua hakumo katika makosa makubwa kwa hesabu ya mtu yeyote mwenye akili.

Basi ni nini kinachotuliza? Ushahidi mmoja mzuri umetolewa na mtu mwenye usonji mwenyewe, tena kwa njia ambayo mfugaji wa Monduli au Meatu ataielewa upesi kuliko daktari wa mjini. Temple Grandin alizaliwa Boston, Marekani, mwaka 1947. Alifikia miaka mitatu na zaidi bila kusema, na ulikuwapo ushauri kwamba apelekwe kwenye nyumba ya kutunzia watoto wasiofaa shule. Mama yake alikataa. Alipokuwa kijana alisumbuliwa na hofu kuu iliyomshika mchana na usiku, moyo ukienda mbio kama wa mtu anayefukuzwa, ingawa hapakuwa na chochote cha kuogopa. Likizo moja alikwenda kwa shangazi yake mwenye ranchi huko Arizona. Huko aliwatazama ng'ombe wakiingizwa kwenye kibanio, yaani ule mtambo wenye kuta mbili unaombana mnyama ubavuni ili achanjwe. Aliona kwamba ng'ombe waliokuwa wakirukaruka kwa hofu, wengine wao walitulia pindi kuta zilipowakumbatia. Akaomba naye aingizwe humo. Alipotoka, hofu ilikuwa imepungua.

Aliporudi shuleni alijitengenezea kibanio chake mwenyewe kwa mbao. Wako wakubwa waliokiona kuwa ni jambo la aibu na dalili ya kuzidiwa, wakataka kiondolewe. Mwalimu wake wa sayansi, William Carlock, hakukubaliana nao. Yeye alimwambia binti huyo kwamba kama anataka kujua kwa nini mbano unamtuliza, basi asome sayansi, akamwongoza kwenye vitabu na majaribio. Mwaka 1992 Grandin, wakati huo akiwa mtaalamu mwenye shahada ya udaktari wa falsafa katika sayansi ya wanyama, alichapisha makala ya kitaalamu juu ya jinsi mbano wa mwili mzima unavyotuliza watu na wanyama. Amekuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, na machinjio mengi ya Amerika ya Kaskazini yametumia mitambo aliyoisanifu ili ng'ombe wasiteseke. Haya yote yangeweza kuishia pale shuleni, siku ile ya kuamua kama mbao zichomwe moto au zibaki.

Katika habari hiyo kuna jambo moja ambalo wengi hulipita upesi. Mkono wa kuendeshea mtambo ule ulikuwa mkononi mwa Grandin mwenyewe. Yeye ndiye aliyeamua mbano uanze lini, uwe mkali kiasi gani na ukome lini. Kamba anayofungwa mtoto mguuni nayo hubana, lakini haimtulizi, kwa sababu haiko katika amri yake. Kumshika mtoto kwa nguvu watu watatu na kumlalia mpaka anyamaze si kumtuliza pia. Hunyamaza kwa kuishiwa nguvu, na watu wamekufa kwa kukandamizwa hivyo. Aliyenyamaza na aliyetulia hufanana kwa macho ya mtu anayepita nje ya dirisha. Mwalimu aliye ndani hana budi kuwatofautisha.

Kwa hiyo mama anayemfunika mwanawe kwa kanga na kumkumbatia kwa nguvu pale mtoto anapojileta mwenyewe kifuani, anafanya jambo la maana, ingawa hakulisoma popote. Mtoto anayependa kujibanza kati ya gunia la mahindi na ukuta anajitafutia dawa yake, na si lazima afukuzwe hapo. Hata hivyo yafaa tahadhari. Wapo wenye usonji wasiovumilia kuguswa hata kidogo, na kuwakumbatia kwa huruma ni kuwatesa. Wala vitu vinavyouzwa kwa bei kubwa visiaminiwe kwa upofu: blanketi zito linalosifiwa sana nchi za nje lilipimwa Uingereza, na matokeo yaliyochapishwa 2014 yalionyesha kwamba halikuwaongezea watoto wenye usonji muda wa kulala, ingawa watoto na wazazi walilipenda kuliko blanketi la kawaida. Kupenda nako kuna thamani yake, lakini mzazi asiuze mbuzi kwa ajili ya blanketi.

Habari za dawa ni fupi. Hakuna dawa inayoondoa usonji. Marekani iliidhinisha mwaka 2006 dawa moja, risperidoni, itumike kupunguza hasira na kujiumiza kwa baadhi ya watoto wenye usonji, na dawa hiyo ina madhara yanayotaka usimamizi wa daktari. Anayeuza maji ya kuponya usonji, au mafuta, au sindano, awe amevaa koti jeupe au kaniki, ni tapeli.

Jambo lililothibitika kuleta utulivu kwa wengi zaidi kuliko mbano ni kujua kitakachofuata. Katika Jimbo la North Carolina, mwanasaikolojia Eric Schopler na wenzake waligundua kwamba watoto wenye usonji walijifunza vizuri zaidi na kuhangaika kidogo zaidi pale kazi ilipopangwa kwa utaratibu unaoonekana kwa macho, kuliko pale walipoachwa huru wafanye wapendavyo. Mwaka 1972 bunge la jimbo hilo liliufanya mpango wao kuwa huduma ya umma katika jimbo zima. Njia yao inategemea zaidi picha: siku ya mtoto huchorwa kwa mfululizo, kila jambo na picha yake, na likiisha picha hutolewa. Mtoto asiyeweza kusoma wala kusema huona kwamba baada ya uji kuna kuhesabu, baada ya kuhesabu kuna kucheza, na baada ya kucheza kuna kwenda nyumbani kwa mama.

Hakuna katika hayo kinachohitaji umeme. Boksi la sabuni lililokatwa, kalamu ya rangi na pini zinatosha. Ratiba ikibadilika, mwalimu huibadilisha picha kwanza, humwonyesha mtoto, ndipo watu watoke kufyeka nyasi. Kengele inaweza kufungwa kitambaa kwenye nondo yake, au mtoto akatolewa dakika mbili kabla haijagongwa. Yafaa awe na mahali pake pa kukaa siku zote, ukutani na mbali na mlango, na pembe moja iliyo kimya, pengine ghala la vitabu, anayoruhusiwa kwenda bila kuomba ruhusa kwa maneno ambayo hana. Akipunga mikono au kujitikisa mbele na nyuma, aachwe; hiyo ni namna yake ya kujishusha mwenyewe, na kuizuia ni kuziba bomba la mvuke. Asipoamkia wakubwa kwa shikamoo, isihesabiwe dharau. Ugomvi mmoja ambao walimu wa Ulaya wameuhangaikia sana, yaani kumlazimisha mtoto amtazame mkubwa usoni, nchini hauna nafasi, kwa kuwa desturi yenyewe humtaka mtoto ainamishe macho.

Tena kabla ya kusema kwamba mtoto ana hasira, itazamwe kama anaumwa. Jino, sikio, choo kigumu, malaria au njaa humchafua mtu yeyote, sembuse asiyeweza kusema panapouma. Mwalimu aliyegundua kwamba kilio cha kila Jumatatu kilitokana na kiatu kilichombana hakuhitaji saikolojia.

Walimu watasema, na wana haki ya kusema, kwamba mtu mwenye wanafunzi themanini hawezi kumshughulikia mmoja. Hoja hiyo isijibiwe kwa hotuba. Sehemu ya jibu ni kwamba mtoto aliyelemewa humchukulia mwalimu muda mwingi kuliko mtoto aliyewekewa picha ukutani, na kwamba ratiba inayoonekana huwasaidia pia watoto wengine wazito wa kusikia au wenye hofu. Sehemu ya pili haiko mikononi mwa mwalimu. Chuo cha Ualimu Patandi, mkoani Arusha, hufundisha walimu wa elimu maalumu, na baadhi ya shule za msingi zina vitengo vya watoto wenye usonji. Mwalimu aliyesomea kazi hiyo anapopangiwa shule isiyo na mtoto hata mmoja wa namna hiyo, na kitengo cha wilaya ya pili kikabaki na mwalimu anayebahatisha, fedha za umma zimetupwa. Hilo ni kosa la meza ya ofisini, na lasahihishwa kwa kalamu ile ile iliyolifanya.

Ofisi nazo zina la kujibu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Lakini mama mwenye kijana wa miaka ishirini mwenye usonji bado huambiwa akae foleni saa tano katika ukumbi uliojaa watu, vikohozi na majina yanayoitwa kwa kipaza sauti, ili kijana apigwe picha ya kitambulisho. Kijana akilemewa, mgambo huitwa. Karani angeweza kumwambia mama aje saa moja na nusu asubuhi kabla ya watu, au angoje nje chini ya mti na kuitwa kwa mkono. Sokoni na vituoni hatari ni kubwa zaidi, maana mtu mzima anayekimbia huku akipiga kelele aweza kudhaniwa mwizi, na inajulikana jinsi umati unavyomtendea anayedhaniwa hivyo. Askari kata na viongozi wa serikali ya mtaa wakiwafahamu watu wenye usonji wa eneo lao kwa sura na kwa majina, maisha ya watu yataokoka.

Mthibiti ubora wa elimu afikapo shuleni huuliza habari za madawati, vyoo na maandalio ya masomo. Aulize pia mvua inaponyesha juu ya bati, ni mtoto gani huziba masikio, na huenda kukaa wapi.